Baba Aliyetoka na Taa

Mama yangu,

Shikamoo, ingawa najua huitikii. Jana tumekusomea arobaini yako kwa Kaka Salim, hapa Gaithersburg ughaibuni, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Ile filamu yako ulitudanganya, Mama.

Juzi nilikuwa nakunja nguo zako nikaitia kanda kwenye video, nikae nayo tu. Picha za zamani zisizo na sauti, watu wanatoa macho na kushika vifua. Binti wa msagaji unga katoroka na mpiga fidla, kaachwa, karudi kwao mvuani, na baba kamfungia mlango. Kisha baba anatoka na taa. Kiingereza hukukijua, lakini kila Jumamosi ulituhadithia sisi na mashoga zako, na maandishi yakitokea uliongea juu yake bila kupumua. Nani angethubutu kusoma? "Haya, hasira zimemshuka," ulisema. "Damu nzito kuliko maji. Amtafuta mwanawe." Binti akianguka kando ya mto, baba akimpakata: "Kazimia tu kwa baridi, ataamka." Hapo ukazima, ukaenda kumimina chai.

Safari hii nilisoma. Baba anatoka kwenda kutia kufuli geti la shamba, binti asirudi tena. Na kule mtoni hakuzimia. Amekufa. Baada ya pale ulipozoea kuzima kuna maziko, majirani wanatikisa vichwa, na maandishi ya mwisho yanasema huo ndio ujira wa mtoto mkaidi.

Nilikasirika, kisha nikafikiri. Maandishi hukuyaweza, lakini jeneza uliliona. Basi ulijua. Walioitengeneza walitaka tuiogope aibu kuliko kifo cha mtoto. Na wewe mwenyewe hukuwa mpole, tusidanganyane. Mdogo wangu Zuhura alipoolewa na Mkristo wa bara ulimnunia mpaka Ramadhani, ndipo ukamwita aje kufuturu. Labda uso wa yule mzee uliuelewa kuliko sisi. Natamani ningekuuliza.

Mazikoni kwako Salim hakumtaka Zuhura. Alikaa garini na mumewe, akakuzika kwa macho. Imeniuma mpaka leo.

Jana akaja tena, tumbo limetangulia, mumewe kabaki garini. Salim akamsimamia mlangoni. "Uli-choose mwenyewe, Zuhura. Watu wamejaa ndani. Please, usituaibishe." Nilikuwa nyuma yake. Nilijua akirudishwa mlangoni, harudi tena kwetu.

Ndipo Bi Mwanaisha, shoga yako wa mji wa Columbia, akatoka jikoni na mwiko wake. "We Salim! Yule baba na ukali wake wote alitoka na taa mvuani kumtafuta mwanawe. Wewe ni kaka tu, wamzuia kwa lipi?" Wanawake wakadakia, alitoka, wallahi alitoka, tumemwona kwa macho yetu.

Salim akanigeukia. Naye alikulia mbele ya filamu ile.

"Ni kweli, Kaka," nikasema. "Alitoka."

Akasogea. Zuhura akaingia, akaketi mkekani, akapokea juzuu lake akasoma kama sisi wote. Sauti ilimkatika mara kadhaa na hakuna aliyemharakisha. Baadaye nilichungulia dirishani nikamwona Salim ameinama kwenye kioo cha gari, anampa shemeji yake sahani ya pilau. Walichosemezana sikijui. Nililia, Mama, mikono imejaa vyombo.

Hao wa filamu na waseme wasemavyo. Sitamwambia mtu nilichosoma.

Pumzika, Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hili moja: Zuhura akijifungua, atakayemwadhinia mtoto sikioni ni Salim. Mwenyewe hajui bado. Nitamshika mkono nimpeleke.

Mwanao,
Rukia