Gita la Matayo lilipokosa sauti

Arua, Jumanne usiku, Septemba 1997

Makofi yale. Bado uso unaniwaka.

Matayo, mpiga gita wetu kutoka Kongo, alirekodi vizuri mchana studioni. Niliporudi kutoka kuswali alasiri, nilikuta kompyuta bubu. Kwenye skrini mawimbi ya gita yanacheza, spika kimya. Nikakagua nyaya, nikazima nikawasha, wapi! Jenereta inakunywa mafuta tu.

Nikamgeukia mbele ya waimbaji. "Wewe mutu ya Kongo, unagusa gusa kila kitu! Sauti iko wapi?"

"Mimi nagusa gita tu, kaka."

Mara ikaadhiniwa magharibi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye spika kupunguza sauti, kama tulivyolelewa nyumbani Koboko. Nikakuta imeshapunguzwa mpaka mwisho. Ni mimi, kwenye adhana ya alasiri.

Adhana ilipoisha nikapandisha sauti kimyakimya. Gita likajaa chumba, waimbaji wakapiga makofi: "Fundi! Fundi!"

Matayo naye alipiga. Kisha akanisogelea. "Nisamehe, kaka. Labda niligusa bila kujua."

Nami nikamsamehe.