Mkufu wa mama mkwe na fundi bomba

Shoga, nimejifungia chumbani. Usipige simu, mama mkwe yuko sebuleni, atasikia!

Unaukumbuka ule mkufu alioniletea, wa chuma kinachokunjika utakavyo? Leo shingoni, kesho kiunoni kama mkanda. Asubuhi niliunyoosha wote ili niuzungushe kwenye kilemba, simu ikaita, nikauacha jikoni pembeni ya sinki.

Na fundi bomba yumo humo humo, anazibua sinki.

Narudi, mkufu wote umezama kwenye tundu la sinki! Yeye anausokota huku anaimba. "Dada, huu waya wako kiboko. Wangu haukati kona."

WAYA WAKO! Shoga, eti waya wako!

Kabla sijamjibu, hodi mlangoni. Mama mkwe huyo! Nikauchomoa, nikauosha kwa sabuni mara tatu, nikaupindapinda ovyo, nikauvaa.

Basi si akausifu! "Mwanangu, mkunjo huo umejifunzia wapi? Hebu nami nijaribu." Akauvua shingoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akauvaa, akawa anajigeuza mbele ya kioo kama bibi harusi. Mimi meno yote nje, moyoni nasoma kila dua ninayoijua.

Ndipo fundi akachungulia kutoka jikoni, mikono inachuruzika maji machafu.

"Mama, umekupendeza kweli. Ukimaliza kuuvaa nipe, bado choo."