Watoto Wanajua Nilikuwa Shefu wa Lazanya

Mama Mushauri, salamu nyingi, na baada ya salamu unisaidie haraka, maana ndege inaingia Ijumaa na mimi niko na bandeji kwenye mukono ambao hauumi. Jina langu Bulaimu, muntu muzima wa miaka sitini na moja, wa hapa hapa Kindu, musikitini wananisalimia kwa heshima, lakini niko na uongo wa miaka zaidi ya makumi mbili, na sasa uongo huo unakuja kula kwangu na valizi ya nguo.

Mbele ya vita kuanza nilikuwa natumika kazi kwa masera, wale watawa wa Italia, na kila siku ya Mungu walikuwa wanapika lazanya, njo makaroni mapana kama ukurasa wa daftari, unayapanga kwenye sinia, unamwaga nyama ya kusaga na tomati, unamwaga maziwa mazito na fromaji, njo jibini, unapanga tena, unamwaga tena, halafu unatia kwenye furu, tanuri ya moto. Mimi sikuwa mupishi, Mama. Nilikuwa muosha-sahani. Lazanya ilikuwa inaishia mezani, mimi naletewa sinia tupu, nakwangua zile kona zilizoungua, nakula, namushukuru Mungu.

Halafu vita. Wewe unakumbuka, treni ilisimama, boti hakuna, chumvi tunapimiana na kijiko, asubuhi sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, mangaribi sombe bila mafuta, na mutoto wangu Nuru, alikuwa na miaka mitano, analia, "Baba, nataka kitu ingine," sasa ningesema nini? Nikamwambia nyamaza, baba yako alikuwa shefu wa lazanya, mupishi mukubwa kwa Waitalia, nikaanza kuipika na mudomo, tabaka juu ya tabaka, watoto wote watano kimya, wanameza mate, na kesho yake wanaomba tena, na mimi kila mara naongeza nyama, maana nyama ya mudomo hainunuliwi. Nikaapa: vita ikiisha, nitawapikia.

Sasa Nuru ameolewa, iko Lubumbashi, anakuja na bwana yake na mama-mukwe yake na kilo mbili za fromaji, na amewatangazia ukoo wote wa bwana kwamba baba yake ni shefu! Nimejaribu mara tatu kwa Félicien, ule muoka-mikate, kwenye furu yake. Ya kwanza ilitoka supu. Ya pili tuliisahau tukibishana juu ya ya kwanza. Ya tatu ilitoka nyeusi yote, nikaonja, nikaruka na furaha, "Njo hii! Njo ladha yenyewe!" Félicien akacheka mupaka akakaa juu ya mufuko wa unga, akaniuliza, "Muzee, lazanya ya katikati ya sinia ulikula siku gani?" Mama, sijawahi. Mimi najua kona tu.

Njo nikajifunga bandeji, nikasema nimeanguka na pikipiki, siwezi kupika. Niendelee nayo, ama nikimbilie Pangi kwa ndugu yangu mupaka wageni waende? Nuru akijua, ataona baba yake alimudanganya na njaa yake, tena mbele ya mama-mukwe. Bibi yangu Safi hajui kitu, tafazali usimuambie.

Bulaimu

Mama Albertine, Mama Mushauri wa redio, anajibu:

Baba Bulaimu, pole. Na sasa, aibu! Mzee mzima unajifunga bandeji kama mtoto anayekimbia mtihani? Fungua hiyo kitu leo, kabla mama-mkwe hajaleta mafuta ya kukukanda. Na Pangi huendi.

Tuanze na jikoni. Maziwa uyapike na unga kidogo wa ngano mpaka yawe mazito, usipate supu tena. Félicien atoe makaa mengi kwenye furu kabla ya kuingiza sinia. Fromaji ikipata rangi ya maandazi, toa! Ikipata rangi ya sufuria, umechelewa. Na nyuma ya paketi ya makaroni wameandika namna ya kupika, basi Nuru akusomee, maana huna cheo cha kulinda.

Uongo wa kumnyamazisha mtoto mwenye njaa, mimi sikuhukumu. Miaka ile ya vita nami nilikuwa hapa Kindu. Lakini uongo wa bandeji ni majivuno matupu, na majivuno hayana vita ya kusingizia.

Sasa kaa chini. Barua uliyompa Soudi wa pikipiki ailete hapa redioni, hakuileta yeye. Imeletwa na Safi, bibi yako, imefunguliwa, na chini ameongeza maneno yake. Nasoma yalivyo: "Mama Albertine, umwambie huyu bwana najua tangu mwaka wa kuniposa. Nilipita kazini kwake nikamkuta na sabuni mpaka viwiko. Watoto sikuwaambia. Wakati ule wa vita nilikuwa nawagawia wao bugali yote, halafu nakaa nyuma ya mlango na tumbo tupu, nasikiliza lazanya pamoja nao. Siku zingine njo nilikula hiyo tu."

Umesikia, Baba? Zima redio, nenda ukamwombe radhi. Ijumaa Nuru akifika, mwambie kwa mdomo wako, mama-mkwe akiwa amekaa pale pale: "Mwanangu, nilikuwa naosha sahani, na nilikuwa na njaa kama ninyi." Kisha pikeni pamoja. Na lazanya itakapotoka, kipande cha kwanza mpe Safi, akae mezani, ale mpaka ashibe.