Gauni la Rangi ya Ukwaju na Mwanamke Uliyenificha

Kumbukumbu ya Fundi Abuu Mwinyimvua, Bagamoyo

Mwaka umezunguka tangu cherehani yako inyamaze, Fundi. Mahali kama hapa mke huandika kwamba mumewe alikuwa mpole, mcheshi na mchapakazi. Ulikuwa hayo yote, na waliokujua hawahitaji kuambiwa. Mimi nitaandika lile lililonikaa rohoni: nilikuwa na wivu juu yako ulipokuwa hai, nikabaki na wivu ulipoingia kaburini, na leo ninao wivu wa aina nyingine kabisa. Majirani wakisoma, na wasome. Mengi walishayasikia ukutani.

Watu walikuletea picha za bibi zao, zile za studio, zimekunjika pembe: bibi amesimama kando ya meza ya maua ya karatasi, gauni lina mikono ya puto, kiuno kimebanwa, marinda yanashuka hadi kwenye viatu. Ulikuwa unaona humo mishono ambayo kamera haikuiona. Ukamshonea mjukuu gauni lile lile kwa kitambaa cha leo, ukavivisha vifungo kitambaa kimoja kimoja, kwa mkono.

Na hukuishia hapo. Mteja akishavaa ulimtoa barazani mbele ya kioo, ukatafuna penseli, kisha ukaanza. "Hereni hizo vua, zinagombana na kola." "Mkoba huo mpe mama yako, wewe unataka mdogo." "Shingo inyooshe. Bibi yako alikuwa na shingo, na wewe unayo." Msichana aliingia kwetu ameinama kama aliyetumwa chumvi, akatoka anatembea kama mtaa ni wa baba yake. Mabibi harusi walitoka Dar es Salaam na wapiga picha wao, wakajipanga kwenye milango ya Mji Mkongwe, na wewe ukawazunguka kuwaweka sawa marinda. Mimi nikawatilia chai.

Sasa hapo ndipo wivu wangu ulipokaa kitako.

Kwenu mlilelewa kwamba fundi wa kiume hampimi mwanamke wa watu. Ndiyo maana ya lile pazia la maua. Mimi na mteja ndani, wewe na chaki yako nje. Nilipima, nikataja, ukarudia namba, ukachora. Watu walishangaa unavyomkalisha mtu gauni bila kumwona, kumbe macho yako yalikuwa mdomoni kwangu. Kikija kiuno cha nyigu, nilikitaja haraka haraka nipite.

"Bibie," ukasema nje ya pazia, "hicho umekitaja kwa hasira. Basi ni chembamba kweli."

Mteja akacheka. Mimi nikambana kidogo kwa futi ya kupimia.

Wasiojua walisema Sihaba kazidi. Hawakuijua khanga. Mume wangu wa kwanza, ambaye ni mzima na Mungu amsitiri huko huko aliko, alininunulia khanga moja. Nikauliza, doti si huwa mbili? Akasema ya pili imeungua na pasi. Nikaamini, ujana. Nikaenda msibani Mlingotini, nikaikuta ya pili imeanikwa kwenye kamba ya nyumba nisiyoijua, na mwenyewe akatoka kuianua, tumbo limemtangulia. Nikamsaidia kuikunja, maana upepo ulikuwa mkali. Toka siku hiyo mtu akiniambia kitu kimeungua, huomba nione majivu.

Wewe ulilijua hilo kabla ya kunioa. Kila uliponinunulia khanga ulileta doti nzima haijakatwa, ukaiweka mapajani kwangu na mkasi juu yake. Hilo peke yake lingetosha kuandikwa hapa.

Ndiyo maana lile gauni lilinichoma.

Tulilikuta baada ya mazishi, chumba cha kazi, limetundikwa nyuma ya mlango na kufunikwa shuka. Rangi ya maji ya ukwaju, mikono ya puto inayobana kifundoni, kola ya mviringo yenye lesi, vifungo vyote vimeshavishwa. Kila kitu kimekwisha isipokuwa pindo. Chini nyuzi zilikuwa zinaning'inia. Dada yako Somoe akalia, akasema maskini, mauti yamemkatiza. Mimi nikachukua futi nikapima kiuno.

Fundi, kila mwanamke aliyeshonewa nyumba ile alipita mikononi mwangu, tangu mama yako aliponikabidhi futi. Kiuno kile sikuwahi kukitaja. Mabega yale sikuwahi kuyashika. Kwa hiyo yuko mwanamke uliyempima bila mimi na bila pazia. Nikakaa kwenye kiti chako, nikaiona ile khanga ya Mlingotini inapepea upya.

Hiyo ndiyo eda niliyokaa. Wenzangu hulia, wakapumzika, wakalia tena. Mimi nililia huku napiga hesabu. Nje siruhusiwi kwenda kumtafuta, basi nikangoja aje mwenyewe kunipa pole, na kila aliyeingia nilimpima kwa macho toka mlangoni. Huyu mabega mapana. Huyu kiuno hapana. Huyu labda, lakini kifua kitamkatalia.

Somoe akanifinya. "Wifi, mtazame mtu usoni."

"Usoni sitajua kitu."

Akaja Wahida wa Chalinze. Kwa msiomjua, ndiye auzaye mikoba na viatu vya kizamani, vya mtumba, pale karibu na stendi, na Fundi alikuwa akienda kwake kuwachagulia wateja. Alikuwa akirudi na vumbi la barabara kuu mpaka kwenye nyusi, anasifia mkoba kama mtu anayesifia mtoto. Wahida alilia kuliko mimi.

"Huyu kashonewa nini hadi alie hivi?" nikamwuliza Somoe.

"Wifi, mwache mtu alie."

"Alie, lakini kwa kipimo."

Eda ilipokwisha nikamwita. Nikampa gauni, nikamwambia avae. Hakuniuliza sababu, mfanyabiashara wa stendi huelewa upesi. Akaingia nyuma ya pazia, akavuta, akavuta, likagoma mabegani. Nikasikia raha ambayo haifai kwa mjane.

"Shoga," akasema, mikono juu, kichwa kimo ndani ya gauni, "mimi siye. Hata mimi nilitaka nimjue."

"Umjue nani?"

"Nitoe kwanza."

Nikamtoa. Akajifuta jasho, akaniambia kwamba safari yako ya mwisho ulichagua mkoba mdogo mweusi wenye kifungo cha shaba. Alipokwambia uchukue, ukakataa. Ukamwambia auweke, mwenyewe bado hajawa tayari kuushika.

Mwenyewe bado hajawa tayari. Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo. Hajawa tayari kwa nini? Kuachwa? Kuolewa? Kuhamia Bagamoyo na masanduku yake? Nilikuja kaburini kwako mara nyingi mwaka huu, na dua niliyosoma mwanzo ilikuwa ya kheri. Ya mwisho ilikuwa maswali.

Baada ya Wahida niliwavalisha wote. Binamu zako wa Miono walivaa. Wateja wako walivaa. Muuza vitumbua wa mtaa wa pili alivaa, na aliomba akae nalo kidogo. Lililomtosha mmoja bega lilimkataa kiuno; aliyeenea kiuno alielea mabegani. Mtaa mzima ukajua Sihaba anatafuta mwanamke wa kumtosha gauni, na watoto wakaanza kunisalimia kwa kucheka.

Wiki hii, tukijiandaa na hitma yako, nikasema basi. Wanawake walikuwa uani wanachagua mchele. Nikauchukua mkasi wako mkubwa, ule ambao hukuruhusu mtu akatie hata karatasi, nikamwambia Somoe nalikata vishikio vya sufuria. Pilau lako litaepuliwa kwa gauni la huyo bibi.

"Utajuta," akasema.

"Nitajuta nikishashiba."

Nasrin alikuwa amesimama mlangoni. Binti yako, Fundi, ulimwacha mwembamba kama rula, viwiko na magoti tu. Akasema, "Mama, kabla hujalikata, naomba nilivae."

"Wewe?"

"Kila mtu kashalivaa isipokuwa mimi."

Somoe akacheka. Mimi nikaguna, nikamrushia, nikaanza kuunoa mkasi.

Alipotoka nyuma ya pazia, Somoe hakucheka tena. Mabega yalikaa, mshono juu ya mfupa kama ulivyokuwa ukipenda. Kifua sawa. Kiuno kilibaki na nafasi ya kuvuta pumzi. Nilimwendea nikashika mshono wa ubavuni, nikaugeuza ndani, nikakuta umeacha kitambaa cha ziada, kingi, pande zote mbili. Hukuwahi kumwachia hivyo mteja wa kawaida. Ulikuwa unasema kitambaa cha ndani kinanenepesha. Hivyo huachiwa mtu ambaye bado anakua.

Ndipo nikalielewa pindo. Mauti hayakukukatiza. Ulilimaliza gauni lile kadiri lilivyoweza kumalizika, ukaacha chini wazi kwa sababu hukujua atarefuka mpaka wapi. Na kwa kikohozi kile kilichokuondoa ulijua kwamba hutakuwepo kumpima.

Nikabaki na moja: vipimo ulivitoa wapi, na mtoto mwenyewe alikuwa hana umbo? Somoe alikwenda kwenye sanduku langu, akatoa lile gauni la kijani ulilonishonea wakati wa uchumba, siku mama yako aliponipima na mimi nimefumba macho kwa haya. Akalileta, akalilinganisha na la ukwaju mwilini mwa mtoto. Bega kwa bega. Kiuno kwa kiuno.

"Wifi," akasema, "mwanamke huyu umemtafuta mpaka Chalinze."

Kiuno nilichokichukia mwaka mzima kilikuwa changu. Nani hukumbuka kiuno chake cha usichana, baada ya mtoto, pilau na miaka? Wewe ulikikumbuka. Na ulishawahi kusema Nasrin atanifuata mabega, nikakwambia unaota.

Lakini usidhani wivu umekwisha. Umebadilisha kiti tu. Nasrin alijitazama kwenye kioo, akanyoosha shingo bila kuambiwa, na nikaona mwanamke ambaye mimi, mama yake, sikuwa nimekutana naye bado. Wewe ulikutana naye. Ulikaa naye mle chumbani, ukamkatia mikono, ukamteulia rangi, ukamwekea mkoba Chalinze, na mimi niko jikoni upande wa pili wa ukuta nikidhani unakohoa tu. Ulimwona kabla yangu, Fundi, na hukuniita. Hilo linaniuma kuliko khanga ya Mlingotini.

Nikampandisha kwenye kigoda nipime urefu. Mazoea hayana adabu: nikashusha futi mpaka kifundoni, nikataja namba kwa sauti, nikaligeukia pazia.

"Mama," Nasrin akasema, "unamngoja nani?"

Nikamwambia asimame wima, asinipindishe.

Pindo nimelikunja mimi. Halijafika lako, limepanda kidogo upande wa kushoto, na ukiwa huko najua umeshaliona. Ndani nimeacha kitambaa kingi, maana mtoto huyu bado anakwenda juu. Wahida ameleta mkoba kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii amelia, nikamwacha alie.

Hitma yako inasomwa Ijumaa baada ya Alasiri, hapa hapa nyumbani. Mlangoni atakayewapokea ni Nasrin, amelivaa. Mkitaka kumsifu, msifuni, lakini hereni msimpe; baba yake asingependa, kola ile inajitosha.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Sihaba; binti yako Nasrin; dada yako Somoe, anayekusalimu na kusema amechoka kunifinya; ndugu zako wote wa Miono na wa hapa mjini; Wahida wa Chalinze, ambaye jina lake nimeliandika kwa ridhaa yangu; na wanawake wote niliowapima nyuma ya pazia, waliokaa sawa kwa sababu ulinisikiliza.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akunyooshee kaburi lako kama ulivyonyoosha mabega ya watu. Hakuna katika nyumba hii atakayekusahau. Na mimi nitakukumbuka kwa wivu, mpaka nitakapokufuata nije nijionee mwenyewe huko unamshonea nani.