Kigamba Nilichokipiga Msasa

Jumanne, Temeke

Mie na msasa hatuna mpinzani. Hata mjomba anajua vinyago vyangu vinang'aa kuliko vyake. Leo msasa huohuo umeniponza.

Dokta Rehema, mtafiti wa wanyama wa kale, alinipa kigamba cha mgongoni cha mtambaazi wa kale, ndugu wa mamba, kilichogeuka jiwe kule kwetu Songea. Aliniambia nitoe udongo tu. Nikakipiga msasa kama mpingo.

Leo kakishika, kakigeuzageuza. "Mdogo wangu, vile vishimo viko wapi?"

"Nimeviua vyote, Dokta! Laini kama shavu la bibi harusi."

"Kwa vishimo hivyo ndivyo tungemjua ni mnyama gani. Na kigamba tulikuwa nacho hicho kimoja."

Hakunigombeza. Afadhali angenizaba kibao. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, vumbi la kigamba liko wapi, angalau alipime hilo.

Nililipuliza kwa mdomo, huku naimba.