Chupa Uliyosema Imevunjika

Thika, Jumanne

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Shikamoo na wewe Mwalimu Josia, na asante kwa kukubali kupanda mpaka nyumbani kwetu uwasomee barua hii. Natumaini imewakuta wazima na mvua imefika huko Taita, maana hapa Thika hakuna hata wingu, na vumbi la upande wa Gatuanyaga tunalila pamoja na ugali. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe Mwakio, mdogo wangu, salamu yako siiandiki. Kaa chini usikilize.

Mwalimu, tafadhali usiruke hata neno moja, hata pale nitakapomwambia maneno makali. Barua hii nimekuletea wewe kwa sababu Mama hajui kusoma, na Mwakio akimsomea Mama barua zangu husoma yale anayoyapenda yeye. Nimempa mtu wa kwetu anayefanya kazi kwenye reli, ameniapia kwamba Alhamisi itakuwa Voi na Ijumaa itakuwa mkononi mwako.

Mwakio, barua yako niliipata jana. Nilikuwa nimetoka thieta, yaani kile chumba tunachopasulia wagonjwa, nikaketi kwenye ngazi za nyuma nikaifungua kwa furaha, nikidhani ni habari za mahindi. Nilisoma mara ya kwanza nikaona labda nimechoka, sikuelewa. Nikasoma tena. Unaniandikia, tena kwa majivuno, kwamba binti wa jirani, Mkamburi, aliingiwa na kijiti kisiginoni, ukamnusisha dawa ya usingizi kutoka kwenye chupa yangu, ukakitoa bila yeye kusema hata wii. Kwamba alilala tangu saa nne asubuhi mpaka mbuzi waliporudi kutoka malishoni. Mama yake alipoanza kulia ukamwambia anyamaze, ndivyo dawa ya hospitali ilivyo. Mtoto akaamka akatapika, nanyi mkaletewa kuku. Sasa ati fundi wa meno atakuja Jumamosi baada ya soko kumng'oa Mama jino la nyuma, na umeshamwahidi Mama kwamba hatasikia kitu. Unachotaka kwangu ni jibu dogo tu, umelipigia mstari kabisa: matone mangapi kwa mtu wa umri wa Mama?

Una wazimu, Mwakio? Nakuuliza mbele ya Mwalimu. Akili yako ulimwachia nani?

Kwanza, chupa gani hiyo? Krismasi niliporudi kazini nilikuuliza chupa yangu iko wapi, ukanitazama machoni ukasema imevunjika, ukanionyesha na vigae vya chupa nyeusi nyuma ya nyumba. Nilikuamini. Nilipanda gari nikashukuru Mungu kwamba imevunjika, maana haikuwa haki yangu kuitoa hospitalini. Kumbe ulivunja chupa nyingine unidanganye mchana kweupe, na yangu ukaificha. Miezi mitatu dawa ile imekaa ndani ya nyumba anamolala Mama, karibu na jiko, na hujui kwamba mvuke wake ukikutana na moto nyumba yote inashika kama petroli. Hapa hatuwashi hata kiberiti mlango wa pili.

Haya, na mimi nina kosa langu, nalo nitalisema. Mlikuwa mmenicheka. Baba mdogo alisema mbele ya watu wote kwamba mwanamume mzima nimekwenda Thika kufanya kazi ya wanawake, kulaza watu na kumwaga vyungu vya wagonjwa. Niliingiwa na hasira ya kijinga. Siku ya Krismasi nikamshika jogoo, nikamdondoshea dawa kwenye kitambaa, akalala mezani miguu juu, kisha akaamka akapepesuka kama mlevi, mkapiga makofi. Wewe ulipiga makofi kuliko wote. Nilijiona mtu mkubwa sana. Ningejua ulichokuwa ukijifunza pale, ningeimwaga chupa ile chooni usiku uleule.

Ulidhani kazi yangu iko ndani ya chupa. Wacha nikueleze iko wapi, kwa kuwa tangu nianze hujawahi kuniuliza.

Nilipomaliza shule ya misheni nilichukuliwa hapa kuwa dresa, kufunga vidonda. Mwaka wa kwanza nilifua bandeji. Mwaka wa pili nikapelekwa thieta kusugua sakafu na kuchemsha vyombo. Pale alikuwako mzee mmoja dresa, Mzee Kamau wa Ruiru, ndiye aliyekuwa akiwalaza wagonjwa. Siku moja aliniita nisimame nyuma yake, nitazame tu. Nilitazama miezi minane, Mwakio. Miezi minane sikuruhusiwa kugusa chupa. Baadaye akaniruhusu kushika taya la mgonjwa, kwa sababu mtu akilala ulimi hurudi nyuma ukaziba koo, na usipomwinua kidevu kwa kidole anakufa kimyakimya huku wewe unadhani amelala vizuri. Je, ulimshika Mkamburi kidevu? Ulikuwa kisiginoni, ukitafuta kijiti. Nani alikuwa kichwani kwake?

Mtu wa kupasuliwa Jumatano, Jumanne usiku hali chochote. Asubuhi anachomwa sindano ya kukausha mate. Mimi namwuliza ana kikohozi, ana pumu, ana jino linalotikisika. Nampaka mafuta machoni dawa isimchome. Nafunika uso kwa kifuniko cha waya chenye shashi, naanza tone moja, nangoja, tone jingine, nangoja. Atapigana, atataka kuamka, atamtukana hata mama yangu, nami sikasiriki. Kisha pumzi inakuwa ndefu, sawasawa, na hapo ndipo kazi inapoanza, wala si kwamba imekwisha. Mkono mmoja uko kwenye taya, kidole kiko kwenye mshipa unaopiga. Sikio liko kwenye pumzi. Vitabu vya Wazungu vinasema tazama uso kama umekuwa wa bluu. Uso wetu hauonyeshi mapema hivyo. Mzee Kamau alinifundisha kufunua mdomo wa chini nitazame kwa ndani, na kutazama kucha. Daktari mwenyewe alijifunza hilo kwake. Mgonjwa mmoja anashiba dawa kwa matone machache, mwingine, hasa yule aliyezoea pombe, unamimina mpaka unaogopa. Hakuna anayejua kabla. Unamfuata mtu pumzi kwa pumzi mpaka arudi.

Kwa hiyo matone mangapi? Hayana hesabu. Na anayekupa hesabu anakupa kaburi.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kuwaambia nyumbani. Mama, nisamehe.

Mwaka ule nilipoanza kulaza watu peke yangu, na mimi nilitafuta hesabu. Nilikuwa na daftari. Kila mgonjwa niliandika umbo lake na matone yake, nikaona nimegundua kitu ambacho Mzee Kamau hakujua. Akaja mkata mkonge kutoka Ngoliba, ana ngiri. Nilimlaza vizuri, akapasuliwa, akapona, matone yake nikayaandika. Baada ya wiki mbili akamleta ndugu yake, ngiri ileile, baba mmoja mama mmoja, hata kimo walilingana. Nikafungua daftari. Nilidondosha nikihesabu, macho yangu yako kwenye tone, midomo inahesabu, na mtu mwenyewe sikumtazama. Daktari ndiye aliyesema, "Elija, mbona damu imekuwa nyeusi?" Nilipofunua mdomo wake ulikuwa umeshageuka rangi. Tukamvuta mikono juu, chini, juu, chini, jasho likatutoka sote. Hakurudi.

Yule ndugu yake aliyepona alikuwa kwenye benchi nje, ameshika nguo za mwenzake zimekunjwa. Akasimama aliponiona. Akaniuliza, "Ameamka?"

Daktari aliandika kwamba moyo wake ulikuwa dhaifu. Hakunigombeza, na mpaka leo ningependa angenigombeza. Daftari nililitia motoni. Mzee Kamau aliniambia kesho yake asubuhi niingie thieta, nisimame kichwani pa mgonjwa. Niliingia kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nyuma yako wewe alisimama nani, Mwakio?

Na Mama ana pumu. Unajua ana pumu, umelala naye nyumba moja tangu uzaliwe, unamsikia akipanda kutoka mtoni. Dawa hii inachoma kifua cha mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Tena jino! Ukimng'oa mtu jino amelala, damu inashuka kooni, naye hawezi kukohoa, inaingia kwenye mapafu. Hata sisi hapa, na daktari na vyombo vyote, kazi ya meno tunaiogopa. Wewe unataka kuifanya kwa kitambaa na fundi anayekuja na koleo kutoka sokoni. Nasema wazi, ukimfanyia hivyo Mama, umemuua, na sitakuja kusema moyo wake ulikuwa dhaifu. Nitakuja kusema ni wewe.

Jana hiyohiyo nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote, tangu nilivyotoa chupa mpaka barua yako. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo wa kabati la dawa, ambao nimeubeba shingoni miaka minne. Leo asubuhi nimeomba dawa kama mtu aliyeanza kazi jana, Sista akanipimia na kuandika, na wale niliokuwa nikiwafundisha wakinitazama. Sikulaumu kwa hilo, ufunguo nimejinyang'anya mwenyewe. Nilimwomba ruhusa nipande treni leo. Amekataa, na ana haki. Kuna mama wa shamba la kahawa huko Ruiru mwenye uvimbe tumboni, atapasuliwa Ijumaa, na mtu mwingine wa kumlaza hayupo, Mzee Kamau yuko nyumbani na mambo haya ya Hali ya Hatari hayamruhusu kutoka Ruiru bila karatasi ya ruhusa ya serikali. Ameniandikia barua ya safari kuanzia Ijumaa jioni. Magari yakinikubali, nitafika Jumapili.

Kwa hiyo fanya hivi. Chupa, mpe Mwalimu sasa hivi, kabla hajamaliza kusoma. Mwalimu, ipeleke mbali na nyumba, mahali pasipo na moto, uimwage mchangani, usimame upande upepo unakotoka. Fundi wa meno aambiwe asije. Kuku wa watu arudishwe, na kama mmekwisha kumla, mrudishe mwingine, tena uende wewe mwenyewe, Mwakio, ukamwambie mama yake Mkamburi kwamba mtoto wake alikuwa karibu kufa na hukujua. Usimwambie kwamba ulimponya. Jumapili nitamtazama mtoto huyo mimi mwenyewe.

Najua umekasirika. Najua pia ulifanya kwa kumhurumia Mama, maana wewe ndiye unayemsikia akilia na jino, na mimi niko mbali nakula mshahara wa watu wa Thika. Hilo nimelifikiria sana. Ukitaka kazi hii njoo huku, nitakuombea, uanze kufua bandeji kama nilivyoanza. Sitanii. Lakini mpaka siku hiyo usiniite kaka mwenzio katika udaktari, kama ulivyoandika. Nilitaka kuichana karatasi nilipofika hapo.

Nisalimieni mke wangu Wakesho, nimemkasirikia kidogo kwa kuwa bila shaka alijua habari za chupa akanyamaza, lakini tutazungumza wawili. Nisalimieni dada yetu Mghoi aliyeolewa Mwatate, na watoto wake. Baba mdogo msalimieni pia, mwambieni kulaza watu si kazi ya wanawake wala ya wanaume, ni ya mtu mwenye subira, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza ninajifunza.

Mama, haya ya mwisho ni yako peke yako. Nitakuja kukuchukua, twende pamoja hospitali ya Voi, watakuchoma sindano kwenye ufizi, utakuwa macho, utanishika mkono. Watu wa huku huniita niwaondolee maumivu, nami huenda. Wewe uliyenizaa sina cha kukupa isipokuwa kukuomba. Jumamosi usimfungulie mtu yeyote mdomo, hata Mwakio akikulilia, hata uchungu ukikuzidi ukaona ni heri kufa. Liache liume, Mama. Likuume mpaka Jumapili.

Mwanao,
Elija