Siku Mama Yako Alipoacha Wimbo Katikati

S.L.P. 41,
Kathiani.
22 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Mutanu,

Hujambo huko Lodwar? Joto limekupunguza ama bado uko na mashavu ya kwetu? Mumeo Ndunda na mtoto wako salama? Mimi mjomba wako sizeeki. Juzi nimebeba magunia mawili ya mahindi, moja kila bega, na bado nikasalimia watu kwa mkono.

Mama yako yuko, anakula, anacheka. Nimeanza na hilo ndio usome mengine ukiwa umetulia. Simu ingekatika kabla sijafika kwa maana.

Unajua dada yangu Ndunge ndiye huanzisha nyimbo kwa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, akina mama wakichimbiana mitaro ya shamba. Sauti yake ilifika Kithimani, punda wa huko wakasimama kusikiliza. Lakini tangu Julai akawa anachoka, mgongo na taya zinamuuma, roho inamchafuka. Sote tukasema ni vidonda vya tumbo. Mimi niliyetibu ng'ombe wa kijiji kizima nikampa maziwa baridi na maji ya magadi. Nakubali, hapo nilikosea mlango.

Jumanne moja wakichimba kwa Musili, kule mteremkoni, akaacha wimbo katikati. Mukai, yule jirani yenu anayezunguka nyumba kwa nyumba na mashine ya presha, akaweka jembe chini.

"Ndunge, hayo maumivu huja saa ngapi?"

"Nikipanda mlima. Nikikaa yanaisha."

"Basi si tumbo hilo. Tumbo linajuaje mlima?"

Zahanati wakampa dawa ya tumbo tena. Wale wanawake kumi na wanne, na majembe yao, wakakataa. Wakampeleka Machakos, wakajaza benchi la hospitali mpaka daktari akambandika nyaya kifuani na kumpima damu. Kumbe mishipa ya moyo imeziba. Daktari akatuambia moyo wa mwanamke si lazima ulie kifuani. Unaweza kulilia mgongoni, kwa taya, tumboni, ama kwa uchovu tu, ndio watu wanaukosa.

Nimewahi kufukuza fisi na kiatu kimoja, Mutanu, na nilishindwa kuona dada yangu akiisha mbele yangu. Mukai alijua kwa kusikia wimbo. Wanaume hodari nawajua, mimi nikiwa wa kwanza, lakini wale akina mama wametupita.

Sasa sikia. Nyanya yako Kanini, mama yetu mimi na Ndunge, alianguka shambani akiwa na miaka hamsini na mbili. Tulimzika tukisema ni vidonda vya tumbo. Daktari aliposikia hivyo, akauliza kama Ndunge ana binti. Na wewe Pasaka uliniambia ngazi za shule zinakumaliza pumzi, unameza dawa ya tumbo.

Nenda upimwe moyo. Wakikupa dawa ya tumbo, usitoke. Wataje nyanya yako na mama yako. Mimi si mtu wa kuomba. Hili naomba.

Mama yako hachimbi tena. Anameza dawa zake, anawekewa kiti kando ya mtaro, anaanzisha, wenzake wanachimba. Jana kwa Mukai aliimba wimbo ule ule akaufikisha mwisho.

Anti yako Kamene na Mzee Jeremiah wanakusalimu sana. Mungu akulindie hiyo pumzi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ninayengoja majibu ya kipimo,

Ndolo